AWD inakaza kwenye kona, inatetemeka au inawasha taa? Anzia kwenye tairi na rimu kabla hujafungua difu

Gari ya AWD (inayosukumwa na magurudumu yote manne) yenye nguvu ikianza kuzingua, neno la kwanza utakalosikia ni difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), la pili giaboksi, la tatu sivi jointi (viungo vya ekseli), na fundi naye hana haraka ya kukupinga maana kushusha giaboksi ni kazi yenye hela. Ila malalamiko kibao ya Subaru WRX na STI, Mitsubishi Evo, VW Golf R, Audi za quattro na BMW za xDrive ukiyafuatilia kwa utulivu unajikuta umesimama mbele ya tairi nne ambazo hazilingani au rimu ambazo zilinunuliwa kwa sababu zilipendeza kwenye picha. Sasa hapa tutaenda dalili moja moja, unachukua ile inayofanana na yako.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida tu, tepu laini ile ya kushonea nguo, kipimo cha kina cha meno ya tairi, geji ya upepo unayoiamini, chaki, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Bila hivyo utakuwa unabahatisha.

Ukikunja usukani wote kuegesha, gari inakaza, inaruka-ruka au inaguna chini

Hii ndiyo dalili yenyewe ya AWD, na ndiyo inayoua vitu vya gharama, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Kwenye gari inayosukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, tairi za mbele zikiwa kubwa kuliko za nyuma hakuna anayejali, za nyuma zinaburuzwa tu. Kwenye AWD ekseli ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa katikati, ni kama watu wawili waliofungwa mguu mmoja pamoja halafu mmoja ana hatua ndefu kuliko mwenzake, wanatembea lakini kuna kitu lazima kivutane. Kinachovutana ni ile difu ya kati au klachi yake. Tuchukue tairi ya 245/40R18 (upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana, rimu inchi 18), kipenyo chake kwenye karatasi ni kama milimita 653, kwa hiyo kila kilomita inazunguka karibu mara 487. Zile za mbele zikilika milimita 5 kipenyo kinashuka milimita 10, sasa zinazunguka kama mara 495. Yaani kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka kabisa, ekseli moja inamzidi mwenzake mizunguko karibu 8, na hiyo tofauti yote inamalizwa kwa msuguano ndani ya klachi au kwenye ule mfumo wa mafuta mazito ulioko kwenye WRX nyingi za gia za mkono. Inachemka, mafuta yanachoka, na siku moja difu inajifunga ikiwa imepata moto.

Cha kufanya ni kupima, usiangalie kwa macho. Jaza upepo sawa tairi zikiwa za baridi, kisha zungushia tepu katikati ya uso wa tairi, tairi moja baada ya nyingine, andika namba nne. Tepu isipoeleweka, piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka tairi izunguke mzunguko mmoja kamili, weka alama ya pili, pima umbali. Njia hii ya chaki mimi naipenda zaidi kwa sababu tairi inakuwa imebeba uzito wa gari kama inavyokuwa barabarani. Subaru wanataka mzunguko wa tairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, hiyo ni kama milimita 6.4. Kumbuka kila milimita moja ya meno inayolika inapunguza mzunguko kwa karibu milimita 6.3, kwa hiyo kwa Subaru unazungumzia tofauti ya kama milimita moja ya meno tu! Audi ni wapole zaidi, wao wanavumilia mpaka kama milimita 3 za kina cha meno. Gari yako angalia kitabu chake, usikope namba ya gari ya jirani.

Ukikuta namba hazilingani, sababu kawaida ni moja kati ya hizi: tairi mpya mbili zimechanganywa na kuukuu mbili, saizi tofauti mbele na nyuma, upepo umetofautiana sana, au saizi ni ileile ila kampuni mbili tofauti. Hii ya mwisho inawashangaza watu, ila ndivyo ilivyo, 245/40R18 ya kampuni moja na ya kampuni nyingine zinaweza kutofautiana kipenyo cha kweli na hata upana, ile namba ya ubavuni ni ya kukadiria. BMW kwa mfano wana tairi zenye alama ya nyota zilizopitishwa kwa gari zao, na kwenye xDrive ukichanganya yenye nyota na isiyo nayo usishangae transfa kesi (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) ikianza kugongagonga unapokanyaga mafuta taratibu.

Namba zikilingana zote na bado inaruka, angalia mambo mawili kabla ya kulia. Kama ni STI yenye DCCD (difu ya kati ambayo dereva anairekebisha mwenyewe), hakikisha hujaifunga ile difu ya kati kwa mkono, maana ikiwa imefungwa ni kawaida yake kukaza kwenye kona ya kuegesha, irudishe wazi ujaribu tena. La pili, tairi pana za michezo zile za majira ya joto zikiwa kwenye baridi, hasa chini ya nyuzi 7 hivi, raba inakuwa ngumu na gari inaruka pembeni ukikunja usukani wote, hiyo haivunji kitu na ikipata joto inaacha. Ikiwa siyo hayo, haya sasa, fundi wa difu anayo haki ya kusikilizwa, aanze na kubadilisha mafuta.

Unataka tairi pana nyuma kuliko mbele

Siyo dalili, ni chanzo cha dalili, ndiyo maana nimeiweka hapa. Watu wanaona Nissan GT-R R35 ina 255/40 mbele na 285/35 nyuma kwenye rimu za 20 halafu wanasema si hiyo hapo, AWD na bado nyuma pana. Piga hesabu sasa: mbele inatoka milimita 712, nyuma 707.5. Upana umeachana kwa sentimita 3 nzima lakini kipenyo kimeachana kwa milimita 4.5 tu, na mfumo wa ile gari ulitengenezwa ukijua hivyo. Wewe ukiweka 245/40R18 mbele na 275/40R18 nyuma umetengeneza tofauti ya milimita 24 za kipenyo, mzunguko unaachana kwa zaidi ya sentimita 7, hapo difu haimalizi msimu. Ukisema lazima nyuma iwe pana basi 275/35R18 inatoka kama 650 na inakaribiana. Ila kusema kweli kwa Evo, STI na Golf R sioni faida yake, saizi moja pande zote nne inakuruhusu kubadilishana mbele na nyuma na hiyo ndiyo inayozifanya tairi zilike sawa.

Hesabu ya kipenyo ni rahisi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi mara 25.4). Gari iliyotoka na 225/45R17, yaani 634, ukiihamishia rimu 18 inakaa vizuri na 225/40R18 ambayo ni 637. Ukiivalisha 245/40R18 umepanda asilimia 3, spidomita inakudanganya, gia zinakuwa ndefu, na nafasi ndani ya fenda inapungua.

Inatetemeka kuanzia kama 80 mpaka 120 halafu inatulia

Ukiisikia kwenye usukani anza na mbele, ukiisikia kwenye kiti anza nyuma. Wengi wanarudia balansi mara tatu nne na mtetemo uko palepale, kwa sababu tatizo siyo balansi, ni tundu la katikati la rimu. Habu (kitovu ambacho rimu inavaa) ya Subaru ni milimita 56.1, Evo 67.1, Golf R 57.1, Audi nyingi za karibuni 66.5, wakati rimu nyingi za kununua pembeni zinatobolewa 73.1 ili ziingie kila gari. Hiyo nafasi inayobaki inajazwa na ringi ya plastiki au aluminiamu. Ringi ikikosekana rimu inakaa kwa kutegemea nati tu, na nati zikikazwa gari ikiwa na uzito chini, rimu inakaa imeshuka kidogo upande mmoja. Kwenye mashine ya balansi itaonekana safi kabisa maana pale imeshikwa katikati kwa koni yake.

Jaribu hivi, vua gurudumu, pitisha kidole kuzunguka mdomo wa habu. Kuna kutu imejenga ukuta? Kwangua na brashi ya waya mpaka uone chuma. Ringi ipo lakini ina ufa au imeyeyuka kwa joto la breki? Tupa. Rudisha gurudumu likiwa hewani, kaza nati kwa kuruka, siyo kwa kufuatana, mpaka zishike, shusha, malizia na toki. Magari mengi ya aina hii yanataka kati ya Nm 100 na 140, namba kamili iko kwenye kitabu chako, na ile bunduki ya upepo ya gereji ambayo inakaza mpaka inalia siyo toki.

Ikitetemeka wakati wa kukanyaga mafuta tu, hizo ni sivi jointi au mlingoti (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). Ikitetemeka wakati wa breki tu, ni diski. Hizo usizisingizie rimu.

Rimu inaingia kwa kulazimisha, au nati zinalegea zenyewe

Hapa ondoka barabarani kwanza halafu tuongee. Matundu ya 5x112 na 5x114.3 (nati tano kwenye duara la milimita 112 au 114.3) yanapishana milimita 2.3 tu na mtu anaweza kulazimisha nati zikashika uzi, ila hazikai sawa, stadi zinapinda kidogo kidogo na siku moja zinakatika. Hakuna spesa ya bahati itakayorekebisha hiyo, rimu siyo ya gari yako, nunua nyingine.

Subaru ndiyo inawachanganya watu zaidi. STI ilikuwa 5x100 mpaka modeli ya 2004, ya 2005 ikahamia 5x114.3, lakini WRX ya kawaida ikabaki 5x100 mpaka 2014 ndipo ya 2015 ikahama. Kwa hiyo mtu akikuuzia rimu za STI bila kukwambia za mwaka gani, muulize, na akisita beba tepu yako uende ukapime mwenyewe.

Halafu kuna kiti cha nati, yaani pale inapokaa kwenye rimu. Gari za VW na Audi boliti zake za asili zina kichwa cha mviringo kama mpira, rimu nyingi za kununua zina tundu la koni. Ukitumia boliti hiyo ya mviringo kwenye tundu la koni inagusa kwenye mstari mwembamba tu, leo imekaza kesho imelegea. Na uzi nao, Subaru ni M12x1.25 (unene milimita 12, hatua ya uzi 1.25), Mitsubishi ni M12x1.5, nati ya mmoja inaingia kwa mwenzake mizunguko michache halafu inakwama, mtu anaongeza nguvu, uzi umekwenda. Baada ya kufunga rimu yoyote mpya tembea kilomita 50 mpaka 100 kisha pitisha toki tena.

Inakwaruza fenda ukiingia shimo, au inagusa shokapu kwa ndani

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu. Inayokwaruza nje ina ofseti ndogo mno, inayogusa ndani ina ofseti kubwa mno, au upana umezidi. Watu wanasoma ofseti peke yake na hapo ndipo wanapokosea, maana ofseti inahesabiwa kutoka katikati ya rimu na upana ukibadilika katikati inahama. Mfano STI nyingi za 2008 mpaka 2017 zilitoka na 18x8.5 ET55 (kipenyo inchi 18, upana inchi 8.5, ofseti milimita 55). Ukiweka 18x9.5 ET38, ambayo ni saizi inayopendwa sana, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 30 na wa ndani unarudi nyuma kama milimita 4 hivi. Kwa hiyo ndani umepata nafasi, ila nje sentimita 3 zinataka kukunjwa kwa mdomo wa fenda, kemba kidogo (kulaza tairi kwa juu kuelekea ndani), au vyote viwili. Hesabu yenyewe: nusu ya upana wa rimu kwa milimita ukitoa ofseti unapata ulivyotoka nje, ukijumlisha ofseti unapata ulivyoingia ndani, fanya kwa rimu ya zamani na mpya, linganisha.

Kuhusu breki, rimu kuwa 17 au 18 hakumaanishi itapita kwenye kalipa kubwa za Brembo, mikono ya rimu ikiwa imeingia ndani inagusa. Kata kadibodi kwa umbo la kalipa yako, ingiza kwenye rimu kabla hujatoa hela.

Na tafadhali usitibu mkwaruzo kwa kuvuta tairi nyembamba kwenye rimu pana. 225/45R17 inakaa kwenye rimu ya inchi 7 mpaka 8.5, 245/40R18 ni 8 mpaka 9.5, 265/35R18 ni 9 mpaka 10.5. Nje ya hapo ubavu hausimami wima, na kwenye kona ya kasi ubavu ndio unaokushika.

Taa ya ABS, ESP, AWD au ya upepo imewaka baada ya kubadilisha tairi

Kompyuta ya ABS (inayozuia breki kufunga magurudumu) na ESP (inayozuia gari kuteleza) inasoma kasi ya kila gurudumu. Ikiona moja linazunguka tofauti na mengine muda wote inadhani linateleza au limepungukiwa upepo. Anza na upepo, kisha pima mizunguko kama tulivyofanya juu, kisha ndiyo uangalie waya za sensa maana wakati wa kufunga rimu huwa zinavutwa. Gari inayotumia sensa za ABS kukisia upepo unaiweka upya tu kutoka kwenye menyu, ila yenye sensa ndani ya rimu, rimu mpya bila sensa itawasha taa mpaka kesho kutwa.

Inavuta upande, au inafuata mifereji ya lami yenyewe

Badilishana tairi za mbele kushoto na kulia, kama siyo zile za mwelekeo mmoja. Mvuto ukihama upande, ni tairi. Usipohama ni alaimenti au breki inayoshika. Kama tairi zina mshale, cheki mishale yote inaelekea mbele, hili linafanyika vibaya mara nyingi kuliko unavyodhani. Kufuata mifereji ya lami kwenye tairi pana zenye ubavu mfupi ni tabia, unaipunguza kwa alaimenti nzuri na upepo sahihi, huimalizi.

Zinalika vibaya

Katikati tu, upepo umezidi. Pembe zote mbili, umepungua. Ndani tu, kemba imezidi au toe (tairi kutazama ndani au nje badala ya mbele) imeharibika, na kati ya hizo mbili toe ndiyo mlaji mkubwa, ukipitisha kiganja utasikia meno yana makali kama msumeno upande mmoja. Mabonde mabonde ni shokapu. Kwenye AWD hili linaumiza mara mbili maana tairi ikiisha upande mmoja umerudi kule kule kwenye mizunguko isiyolingana.

Imekuwa nzito, rimu zinapinda, ubavu unatoa uvimbe

Umepanda inchi mbili na rimu za bei rahisi nzito. Uzito ulio chini ya springi gari inausikia haraka sana, kuondoka, kusimama, hata usukani. Kama barabara zako zina mashimo, 17 nyepesi yenye ubavu itakupa gari nzuri kuliko 19 inayong'aa, najua hamtaki kusikia. Angalia pia namba za kubeba uzito na kasi ubavuni: 93 ni kilo 650 kwa tairi, 97 ni 730, V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. Usishuke chini ya zile za kiwandani. Tairi yenye uvimbe hairekebishiki, itoe.

Pancha imeua tairi moja, tatu bado nzima

Pima kina cha hizo tatu. Kama zimelika chini ya kile kiwango cha gari yako, weka mpya moja ya kampuni na muundo uleule. Zikiwa zimepita, una njia tatu: kununua nne, kutafuta iliyotumika yenye kina kile kile, au kuinyoa mpya kwa mashine mpaka ilingane, huduma hii ipo kwa wauzaji wa tairi za mashindano. Kununua mbili na kuziweka ekseli moja ni njia ya mkato ambayo kwenye AWD ndiyo inaleta ile tofauti ya mbele na nyuma tuliyoanza nayo. Ukinunua iliyotumika soma namba nne za mwisho za DOT (maandishi ya ubavuni yenye tarehe ya kutengenezwa), 3221 maana yake wiki ya 32 mwaka 2021, na hakikisha haina kiraka ubavuni.

Speya ndogo ni ya kukufikisha gereji tu, polepole, umbali mfupi. Baadhi ya Subaru za zamani za otomatiki zina sehemu ya fyuzi chini ya boneti yenye maandishi FWD, ukichomeka fyuzi pale gari inaacha kupeleka nguvu nyuma wakati umevaa speya ndogo, taa yake inawaka kwenye dashibodi, na tairi ya kweli ikirudi unaichomoa.